Sedna ilivutwa na nani: nyota mpita njia au sayari iliyojificha?

Sedna, gimba dogo la mbali linalozunguka Jua, lililogunduliwa mwaka 2003, hailikaribii Jua zaidi ya mara 76 ya umbali wa Dunia na Jua. Neptuni, iliyoko mara 30 tu, haina mvutano wa kuipeleka huko. Basi nani?

Tuanze na ushahidi. Kwamba nyota hupita karibu halina ubishi: Nyota ya Scholz ilipita miaka kama 70,000 hadi 80,000 iliyopita, yapata mwaka mmoja wa nuru kutoka hapa. Ila kupita hakutoshi. Nyota hulivuta Jua na Sedna vyote viwili. Kinachopinda njia ni tofauti ya mivuto hiyo, nayo hufifia upesi mno. Umbali ukiwa maradufu, hubaki kama moja ya nane. Scholz ni ndogo na ilikuwa mbali. Wa kushukiwa ni nyota jirani ya utotoni mwa Jua, lilipokuwa bado katika kundi lililozaliwa pamoja. Mshukiwa wa pili ni Sayari ya Tisa, sayari ya kudhaniwa waliyoipendekeza wanaastronomia Batygin na Brown mwaka 2016; bado haijaonekana.

Sayari ina faida moja kubwa: ingekuwa inavuta hadi leo, hivyo ingeweza kushikilia njia za magimba kadhaa ya mbali kama Sedna zielekee upande mmoja. (Kama kweli zimeelekea, wapo wanaodai ni upendeleo wa mahali darubini zinapotazama.) Pia inatafutika, hasa kwa darubini ya Rubin kule Chile. Nyota ilishaenda zake.

Ukitaka kueleza Sedna peke yake, nyota inatosha. Ukiamini mpangilio wa magimba hayo yote, sayari inakufaa zaidi.