Kivuli cha uani Bwiru: neti iliruka, bati limebaki

Uani kwetu Bwiru, hapa Mwanza, ni mwamba mtupu. Asubuhi panapendeza, lakini kuanzia saa nane jua linalipasha lile jiwe hadi hukanyagi peku, na usiku bado linafuka joto kama jiko lenye majivu. Kwa miaka mitatu palikuwa pa kuanikia nguo na dagaa tu.

Mwaka jana nilianza na neti nyeusi, ile ya kwenye vitalu vya miche, kwa sababu ya bei. Niitendee haki: kivuli chake ni kitamu kuliko cha bati, maana hewa inapita na joto halikwami. Ila mvua inapita pia. Na alfajiri moja ya Novemba ukaja ule upepo wa ziwani unaotangulia mvua. Kulipokucha tuliikuta kwenye mwembe wa jirani, pete zote zimeng'oka.

Nikaamua bati. Fundi wa kwanza simtaji. Alichimba, akagonga jiwe kabla shimo halijafika kiganja, akasema, "Inatosha, bosi," akamwaga zege. Kesho yake nguzo ilikuwa inacheza ukiiegemea. Nilimlipa nusu, tukaachana.

Wa pili, kijana wa Igoma, kabla ya kufungua tepu aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mzee, hapa upepo unatokea wapi?" Hakuchimba. Alichomelea sahani ya chuma chini ya kila nguzo, akatoboa mwamba kwa drili matundu manne manne, akakaza kwa boliti. Kutoboa tu kulikula nusu siku na ncha mbili za drili. Bati tulichukua geji 28 badala ya 30 (namba ikishuka bati linanenepa, wauza duka wengine wanaomba usilijue hilo), tukalifunga kwa skurubu zenye mpira badala ya misumari. Upande wa nyumba aliliingiza chini ya bati la zamani, akaacha upenyo wa ngumi moja joto litokee. Mita 4 kwa 3, vifaa shilingi 1,100,000 hivi, ufundi 280,000. Limeshapita msimu mzima wa upepo na halijatikisika.

Kasoro zipo. Saa kumi jioni jua limeshainama, linaingia chini ya paa na kukupiga usoni kana kwamba hujajenga kitu. Ningejua, ningeshusha ukingo wa magharibi. Sasa naning'iniza mikeka ya mafunjo upande huo, jioni naikunja. Taa nyeupe niliyofunga chini ya bati niliing'oa wiki ile ile: wadudu wa ziwani waliifuata kwa wingi hadi chai ikawa na nyama. Na mvua kubwa ikinyesha, mazungumzo yanakoma. Mnatazamana tu.

Kosa kubwa ni langu. Kijana aliniambia nifunge gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa bati, nikabana hela. Maji ya mapaa mawili yakawa yanaanguka mahali pamoja, na mchicha wa mama watoto ukasombwa wote na udongo wake, ule udongo kidogo tulionao. Bado ananikumbusha kila tunapopika ugali. Gata nimeshanunua, na kijana anakuja Jumamosi.