Kitabu cha Historia Kilichomfanya Mwanangu Asome kwa Sauti

Wazazi wenzangu, karibuni. Leo nina kitabu kimoja tu, tena cha mtumba. Nimekipata Posta kwa wale wanaotandaza vitabu chini, shilingi elfu nne. Kinaitwa The Awesome Egyptians, kinahusu Wamisri wa kale, kimo kwenye mfululizo wa vitabu vya Horrible Histories wa Terry Deary, ulioanza Uingereza mwaka 1993.

Ngoja nikisogeze muone. Hii kona ina mafuta ya chapati, na aliyeyapaka ni kijana wangu wa darasa la tano, ambaye ukimpa kitabu cha historia anasinzia papo hapo. Juzi nasonga ugali, nasikia sauti sebuleni: "Mama! Walikuwa wanautoa ubongo wa maiti puani kwa ndoano!" Mwiko nikauacha kwenye sufuria. Akaja mbio: mbona ubongo waliutupa, moyo wakauacha ndani? Nikamwambia, Wamisri wa kale waliamini mtu anafikiri kwa moyo. Akatulia kidogo, akasema, "Kama bibi, anavyosema moyo wake unamwambia." Jamani, nilifurahi!

Kinachomnasa mtoto ni vibonzo vya Martin Brown. Anaona kibonzo, anataka kujua kinachekesha nini, inabidi asome maelezo. Kuna na chemsha bongo, hizo tunashindana nyumba nzima.

Kasoro zipo. Utani mwingi ni wa kuchezea maneno ya Kiingereza, kwa hiyo mtoto wa shule ya Kiswahili umkalie karibu umfafanulie. Na wa chini ya miaka minane mimi simpi, maana mambo ya kuuana yamejaa.

Ila kuna kitu kinaniuma. Novemba 1914, kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walishusha Tanga askari wapatao 8,000, wengi kutoka India, waje kuwapiga Wajerumani waliokuwa wanatutawala. Risasi zinalia, nyuki wakachafukwa, wakawavamia askari wakatawanyika. Waingereza wakashindwa, wakapanda meli zao, bunduki na risasi wakaziacha ufukweni. Nilipomsimulia mwanangu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akachukua hiki kitabu: "Mama, iko ukurasa wa ngapi?"

Humu haimo, mwanangu. Waandishi na wachoraji mnaonitazama, tuandikieni hiyo ya nyuki wa Tanga, kwa Kiswahili, na vibonzo vyake. Nakala ya kwanza nanunua mimi, bei ya dukani.