Sosi za nyama choma kwa aliyepunguza wanga: zipi ununue, zipi uziache dukani

Nyama yenyewe haina wanga wa kuhesabu. Awe mbuzi wa mnada wa Msalato hapa Dodoma Jumamosi au kuku wa kienyeji kutoka Singida, aliyeacha ugali na chipsi hana shida naye. Shida iko kwenye kibakuli cha pembeni. Inaniuma kuona mtu amejinyima wiki nzima, halafu anamwagia tomato juu ya nyama yote mpaka inabadilika rangi.

Hesabu yake ni hii. Tomato ya chupa kwa kawaida ina takribani gramu 25 za wanga katika kila gramu 100, na karibu wote ni sukari. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 4 hivi, yaani kijiko cha chai cha sukari. Barbekyu ni gramu 6 hadi 7. Anayefuata mlo mkali wa gramu 20 kwa siku, vijiko vitatu vya barbekyu vimemmalizia siku yake kabla hajala kingine. Na kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya glibenclamide, zungumza na daktari kabla ya kupunguza wanga, maana dozi ileile inaweza kukushusha sukari kupita kiasi.

Nafasi ya kwanza naipa kachumbari ya ndimu na pilipili, na sioni mpinzani wake. Nyanya mbichi gramu 100 zina wanga gramu 4 tu. Kitunguu kina kama gramu 9, kwa hiyo nyanya izidi kitunguu. Kata kitunguu chembamba, kifikiche kwa chumvi, kisuuze mpaka maji yatoke safi, kikamue, ndipo uchanganye. Chumvi isiposuuzwa vizuri utaila yote. Ukitaka iwe nzito, katia parachichi, kwa sababu sehemu kubwa ya wanga wake ni nyuzinyuzi.

Ukifika Soko la Majengo au Sabasaba, usichukue ndimu kwa ukubwa. Ishike mkononi: yenye ngozi nyembamba na laini, nzito kuliko inavyoonekana, ndiyo yenye maji. Yenye ngozi nene na ngumu itakupa matone mawili. Pilipili mbuzi itazame kikonyo, kiwe bado kibichi. Fungu la ndimu na la pilipili ni rahisi kuliko karibu kila chupa nitakayoitaja hapa chini.

Ya pili ni sosi ya karanga. Mkoa wetu unalima karanga, na ikipikwa kwa nyanya kidogo, kitunguu saumu na pilipili, inapendeza sana na kuku. Vijiko viwili vya karanga zilizosagwa vina wanga gramu 6 au 7, na karibu 2 kati ya hizo ni nyuzinyuzi. Ila hapa naomba uwe makini kweli. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na fangasi wa ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na fangasi hao hao hushambulia karanga. Nunua karanga nzima, usinunue zilizokwisha kusagwa. Zimwage kwenye ungo, utoe zilizosinyaa, zenye ukungu na zilizogeuka rangi, kisha ukazisage mwenyewe. Kukaanga hakuondoi sumu yote.

Haradali na mayonezi nazipanga pamoja. Haradali ya njano haifikishi gramu 1 ya wanga kwa kijiko. Iliyotiwa asali iache. Mayonezi karibu haina wanga, lakini kijiko kimoja kina kalori 90 hadi 100. Ile iliyoandikwa ina mafuta kidogo isome vizuri, mara nyingi mafuta yamepunguzwa na sukari na wanga vikaongezwa. Na kwa jua la Dodoma, mayonezi iliyokaa wazi mezani mchana kutwa usiiguse.

Sosi ya soya ina wanga gramu 1 hivi kwa kijiko, ila chumvi yake inazidi gramu 2, na Shirika la Afya Duniani linataka tusifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Mwenye presha aiache.

Ukwaju wengi wanaudhania salama kwa sababu ni mchachu. Zaidi ya nusu ya uzito wa nyama yake ni wanga, mwingi wake sukari, na wapishi huongeza sukari nyingine juu yake. Uutie kidogo kwa ladha, usiuchovye.

Mwisho kabisa ni tomato, pilipili tamu ya chupa na barbekyu. Ukilazimika kununua, tafuta alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), kisha geuza chupa. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi: sukari ikiwa ya pili au ya tatu, rudisha. Tazama pia kama kuna wanga wa mahindi wa kuifanya nzito. Chachandu ya vibandani haina lebo, kwa hiyo muulize mpishi kama ametia unga. Mishikaki nayo uiulizie kabla haijapanda jikoni, na kama ililowekwa kwenye sosi ya chupa, mwombe mchomaji akupe nyama iliyopakwa chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu.