Blackmagic Camera mitaani Arusha: programu ya bure inayokudai uamue mwenyewe

Kamera ya kawaida ya simu huamua mambo mengi kwa niaba yako: mwanga uwe kiasi gani, rangi ielemee wapi, fokasi imshike nani. Mbaya zaidi, hubadili uamuzi katikati ya shoti. Blackmagic Camera, programu ya kurekodi video kwa simu, inakurudishia maamuzi hayo, na kwa hilo tunaipa alama za juu kuliko programu nyingine yoyote ya bure kwa mtu wa Arusha au Moshi anayejifunza kutengeneza filamu. Ubunifu hauwezi kukua kwenye picha ambayo hujui kwa nini imetoka hivyo.

Ilitoka kwa iPhone mwaka 2023, kisha Android mwaka 2024. Upande wa Android ndiko kwenye udhaifu wake mkubwa: ilianza na baadhi ya Samsung Galaxy na Google Pixel, na ingawa orodha imerefuka, simu nyingi za bei nafuu zimeachwa nje. Ukiikosa, pakua Open Camera, nayo ni ya bure. Vipimo vyake ni vichache, ila inafunga mwanga na fokasi, na mazoezi ya hapa chini yanawezekana.

Ukishaifungua, weka fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde na pembe ya shata nyuzi 180. Maana yake mwanga unaingia nusu ya muda wa kila fremu, yaani shata ya 1/50 ya sekunde. Namba hizi zinatokana na umeme wetu wa Hezi 50. Taa za tyubu na LED za bei rahisi hupepesa mara mbili kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 inameza mipepeso miwili kamili kila fremu, picha inatulia. Piga kwa 1/60 ndani ya saluni na utaona mikanda ya giza ikipanda ukutani, na hakuna uhariri utakaoiondoa vizuri. Ukipendelea fremu 24, punguza pembe iwe 172.8 ili shata ibaki 1/50. Umeme ukikatika wakawasha jenereta ndogo, mikanda inaweza kurudi hata kama umeweka kila kitu sawa, maana mzunguko wa jenereta hupanda na kushuka kadiri mzigo unavyobadilika. Hapo sogea dirishani.

Shida halisi inaanza ukitoka nje. Lenzi kuu ya simu nyingi imekwama karibu na f/1.8, yaani tundu pana la kuingiza mwanga; huwezi kulifinya. Jua la saa sita mchana pale Mnara wa Saa, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ikiwa 50, linataka shata ya karibu 1/4000. Wewe umefunga 1/50, kwa hiyo picha inaungua nyeupe. Wengi hapo hupandisha shata, na ndipo mtu anayetembea anaonekana kukatika-katika kama kikaragosi. Dawa ni filta ya ND64, kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga vituo sita, yaani kuunusisha mara sita. Chini ya kivuli cha mjakaranda ND8, yenye vituo vitatu, mara nyingi inatosha. Filta za kuzungusha zinavutia kwa kuwa filta moja inafanya kazi ya nyingi, lakini zile za bei ya chini zikizungushwa hadi mwisho huacha msalaba mweusi katikati ya picha na kuchafua rangi ya ngozi. Tungechukua mbili zisizozungushwa kuliko moja ya namna hiyo. Na usipokuwa na filta kabisa, panga kupiga kivulini mapema asubuhi jua likiwa bado chini, au jioni linapokaribia kuzama. Huku karibu na ikweta jua huzama kama jiwe. Baada ya kuzama una dakika kama 20 tu za mwanga unaofaa. Moshi nako, anayeutaka mlima aamke mapema kabla mawingu hayajaufunika.

Rangi ndiyo sehemu ambayo programu hii inalipa zaidi. Chukua mfano wa kibanda cha nyanya soko la Kilombero, kilichofunikwa turubai la bluu. Mwanga unaopenya turubai unafanya mikono ya mama muuzaji iwe ya samawati, huku nyanya za ukingoni, zinazopigwa na jua, zikiwaka nyekundu. Kamera ya kawaida inaiona bluu ile kama kosa na kuivutia kwenye njano. Ukigeuza simu kuelekea barabarani, rangi inaanza kuhama mbele ya macho yako. Ukifunga rangi kwenye Kelvini 5600, kipimo cha mwanga wa jua la mchana, bluu inabaki bluu na jua linabaki jua. Sasa ni wewe unayechagua: mama akae kwenye ubaridi ule, au asogeze beseni hatua moja hadi kwenye jua? Uchaguzi huo ndio uongozaji wenyewe. (Na msalimie na kumwomba ruhusa kabla hujaitoa simu mfukoni, si baada.)

Washa pia mistari ya pundamilia, inayoonyesha sehemu zilizozidi mwanga, na uiweke karibu na asilimia 95 ya mwangaza, ambapo 100 ni nyeupe tupu. Miongozo mingi hufundisha kupandisha mwangaza wa uso hadi asilimia 70. Kipimo hicho ni cha ngozi nyeupe. Ngozi nyeusi inapendeza ikiwa kati ya 35 na 50 hivi, ambapo mng'ao wa paji la uso na shavu unaonekana bila uso kugeuka kijivu. Mtu akisimama mlangoni na anga likiwa nyuma yake, usihangaike na ISO. Mgeuze atazame nje.

Hifadhi inahitaji hesabu. ProRes, aina ya video isiyobanwa sana inayopatikana kwenye iPhone za Pro, inakula karibu GB 1.7 kwa dakika kwa HD, na GB 6 kwa 4K. Nafasi ya GB 90 inaisha kwa dakika 50 na ushee hata kwa HD. Kwa mazoezi tumia H.265, inayobana video iwe ndogo zaidi. Angalia kwenye mipangilio klipu zinawekwa wapi, maana zikiwa ndani ya programu yenyewe, kuifuta ni kuzifuta. Washa hali ya ndege, simu ikipigwa isikukatize. Juani vua kava la simu; ikipata moto sana kioo kinafifia, kisha kurekodi kunakatika.

Zoezi tunaloliamini ni hili. Chagua kona moja, tuseme kituo cha bodaboda, uende mara tatu: saa 1 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni. Lenzi moja, Kelvini 5600, shoti 12 kila mara, kila moja sekunde 10, simu ikiwa imetulia. Kisha hariri dakika moja bila muziki. Safari ya kwanza watu wengi hurudi na shoti 12 zinazofanana, zote kwa urefu wa kifua cha aliyesimama. Ya pili wanaanza kuchuchumaa. Kufikia ya tatu wanajua dereva gani hufuta kioo cha pikipiki kwa kona ya shati kabla ya abiria kufika, na simu inakuwa tayari imeshawekwa pale, ikimsubiri.