Unga wa Bt kwenye kokoa: unaua viwavi, hauwagusi wadudu wafyonzaji

Msimu huu nimetumia unga wa Bt, dawa ya wadudu itokanayo na bakteria, aina ya kurstaki, katika shamba langu la kokoa wilayani Kyela. Naueleza kwa kina kwa sababu muuzaji wa pembejeo aliniuzia kama dawa ya "wadudu wote", jambo ambalo si kweli na linaweza kumtia mkulima hasara.

Kinachoua ni protini za bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis (kwa kifupi Bt), ambaye alitambuliwa kwanza nchini Japani mwaka 1901 akiua viwavi wa hariri. Kiwavi akila jani lililopuliziwa, fuwele za protini huyeyuka ndani ya utumbo wake, ambamo mna ukali kama wa magadi, kisha hutoboa ukuta wa utumbo huo. Tumbo la binadamu lina asidi, na protini hizo hazipati pa kushika.

Miche yangu ya mwaka wa pili, ile iliyo upande usio na migomba ya kivuli, ilikuwa imeshambuliwa na viwavi wenye vijimiba, ambao wakulima wa pamba wanawajua kwa kutoboa vitumba, na vichipukizi vya juu vilikuwa vimetafunwa hadi kwenye kijiti. Nilipuliza jioni, kwa kuwa jua huzidhoofisha protini. Asubuhi viwavi walikuwa hai, na kijana anayenisaidia akaamini tumeuziwa vumbi. Lakini nilipowachunguza, niliona hawatafuni tena. Siku ya tatu walikuwa wamelegea, weusi, wakining'inia kwenye vikonyo. Upulizaji wa pili ulioshwa na mvua usiku uleule, ikanibidi kurudia, na kwa mvua za Kyela gharama hiyo lazima ihesabiwe mapema.

Kwenye miti mikubwa, unga haukufaa kitu. Wadudu wafyonzaji, wa jamii moja na mbu wa mikorosho, huchoma ganda na kunyonya utomvu wa ndani bila kula kilichopuliziwa juu, hivyo madoa meusi kwenye matunda yaliendelea kuongezeka.

Kwa miche nitaununua tena bila kusita, kwani unakubalika katika kilimo hai na hauwadhuru visubi wanaochavusha maua ya kokoa. Ila sitarudi katika duka lile, ambako pakiti zilitundikwa mlangoni juani, zikiwa na maelezo ya Kiingereza pekee.