Kalenda ya kuchana yenye "Leo Katika Historia", nimekaa nayo nusu mwaka

Hii kalenda niliinunua Kariakoo mwezi wa kwanza, elfu kumi na mbili, kwa kaka mmoja anayepanga vitabu chini pembeni ya barabara. Ni zile za kuchana karatasi moja kila siku, tarehe imeandikwa kubwa kwa wino mwekundu, pembeni kuna tarehe ya Kiislamu, halafu chini wameweka matukio manne au matano yaliyotokea siku hiyo miaka tofauti. Mi napenda sana vitu vya hivi kwahiyo sikubargain hata kidogo.

Nianze na kilichonifurahisha. Karatasi ya 1 Julai ni nzuri mno, wameweka Rwanda na Burundi 1962, zote zimepata uhuru siku moja kutoka kwa Wabelgiji, na Somalia 1960 pale ya Waingereza na ya Waitaliano zilipoungana. Binti yangu yuko darasa la sita akauliza kwanini hizo mbili siku moja, basi ndo nikamweleza kwamba Wabelgiji walikuwa wanazitawala kwa pamoja kama Ruanda-Urundi, tukachelewa daladala asubuhi ile kwa sababu ya karatasi moja tu ya ukutani. Nimechungulia mbele pia, 9 Desemba wameweka uhuru wa Tanganyika 1961 na Jamhuri 1962, 12 Desemba wameweka Kenya hivyohivyo, uhuru 1963 na Jamhuri 1964. Ukiziona kwenye karatasi mbili zinazokaribiana hivi unaona kabisa watu walichagua tarehe makusudi.

Sasa twende 7 Julai, maana ndo iliyonifanya nikae niandike haya.

Wameanza na TANU, 1954, pale chama cha TAA kilipogeuzwa kuwa TANU hapa Dar, Mwalimu Nyerere akawa rais wake, na wamekumbuka hadi kutaja New Street ambayo siku hizi ndo Mtaa wa Lumumba, hapo nawapa heko. Chini yake Visiwa vya Solomon kupata uhuru 1978, halafu mabomu ya London 2005 yaliyoua watu 52, halafu Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO 2021. Ila hawajaunganisha! Siku ya Kiswahili imewekwa 7 Julai kwa sababu ya hiyohiyo TANU ya mstari wa kwanza, maana ndicho chama kilichokishika Kiswahili kuwa lugha ya kudai uhuru, sentensi moja tu ingetosha na nafasi ilikuwepo.

Hilo dogo. Siku hiyo mama mkwe alikuwa kwetu, kaja kututembelea kutoka Nairobi, tumerudi Maonyesho ya Sabasaba kule Kilwa Road miguu inauma, watoto wana mabegi ya vipeperushi, yeye kasimama mbele ya kalenda kavaa miwani anasoma kwa kidole mstari kwa mstari. Akamaliza, akarudia tena toka juu. Akaniambia, "Baba, na Kamukunji iko wapi?"

Haipo. Saba Saba ya Kenya ya 1990 haipo kabisa. Wanasiasa Matiba na Rubia waliitisha mkutano uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wa kudai vyama vingi, wakawekwa kizuizini siku tatu kabla, watu wakaenda hivyohivyo, polisi wakawatawanya na watu wakafa. Mwaka uliofuata mwezi wa Desemba kile kifungu cha 2A cha katiba ya Kenya kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kikafutwa. Mama enzi hizo alikuwa anauza mitumba Gikomba, ni hapo karibu tu, anasema siku ile vibanda vilifungwa na macho yaliwasha mpaka usiku kwa ule moshi wa mabomu ya machozi. Akaomba biki, akaandika mwenyewe chini ya mstari wa London, "1990 Kamukunji", akaenda kulala. Mi niliumia kweli, kalenda imeandikwa kwa Kiswahili, inauzwa kwa wasoma Kiswahili, inakumbuka Visiwa vya Solomon, inamsahau jirani.

Na sio hapo tu. 12 Januari wameandika "Uhuru wa Zanzibar", kosa kubwa hilo, uhuru wa Zanzibar ni 10 Desemba 1963, 12 Januari 1964 ni Mapinduzi, mwezi mmoja tu baadaye lakini ni mambo mawili tofauti na Mzanzibari yeyote angewarekebisha kabla ya kuchapa. Karatasi nyingi za mwezi wa pili na wa tatu zimejaa wafalme wa Ulaya tu, unachana unatupa.

Karatasi yenyewe ni imara, wino haufutiki hata ukishika na mkono wa maji. Gundi ndo mbovu, lilipokuja joto la Februari ikaachia nikabaki na Machi nzima sakafuni, nimebana na kibanio cha nguo mpaka leo.

Nyota tatu kati ya tano. Wenye watoto wa shule nyumbani inunueni, ila ukifika kwa muuzaji ishike kwa juu uitikise kwanza, zikicheza mwambie akupe nyingine, na fungua 12 Januari uone kama wamesharekebisha.