TAHADHARI: Wakala wa hapa Dodoma anayeuza safari za baridi za Uturuki, ndege za ndani na chakula hajavilipia

Wana Dodoma na ndugu zetu wa Singida, someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu. Kuna wakala wa safari hapa mjini ambaye Januari 2025 alitupeleka Uturuki akina mama sita wa kikoba kimoja cha Nkuhungu. Sasa nimeona anatangaza tena safari ya Desemba kwa maneno yaleyale: theluji, maputo ya kubeba watu angani, milo yote, ndege za ndani tayari. Jina lake siliandiki. Jalada liko polisi na sitaki kuliharibu, na hata nikiliandika halitawasaidia sana, maana tangu turudi ameshabadilisha jina la biashara mara mbili. Mjueni kwa namna anavyofanya kazi.

Kilichotuponza ni kwamba huyu si tapeli wa kuchukua hela akatokomea. Tiketi ya Dar es Salaam hadi Istanbul, kwenda na kurudi, ilikuwa halali. Viza halali. Hoteli tuliikuta. Ukimuuliza, anakuonyesha picha za wateja wake wakiwa uwanja wa ndege na mabegi yao, na picha hizo ni za kweli. Anachokula ni vipande vya katikati, vile usivyoweza kuvigundua mpaka uko ugenini na huna pa kumshika: ndege ya ndani, chakula, puto. Na anauza safari za miezi ya baridi tu, kwa sababu kila kinachokosekana anakisingizia theluji. Ndege haipo? Theluji. Gari halijaja? Theluji. Mimi mwenyewe siku mbili za mwanzo nilikuwa namtetea mbele ya wenzangu.

Tulilipa shilingi 4,650,000 kila mmoja. Tulichanga miezi kumi na nne. Kati yetu kulikuwa na mama yetu wa miaka 67, mwalimu mstaafu, ambaye tangu usichana wake alitamani kuiona theluji kwa macho yake. Nasema haya ili mjue hela hizo zilikuwa za nani. Tulizituma kwa simu kwa awamu tatu, na jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la mtu binafsi, si la kampuni iliyoandikwa kwenye bango lake. Nilimuuliza. Akasema akaunti ya kampuni ina marekebisho. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema tutapewa ya jumla tukirudi. Pale ndipo nilipotakiwa kuwaambia wenzangu tusimame, na sikuwaambia. Linaniuma mpaka leo.

Sasa ndege ya ndani. Istanbul ina viwanja viwili vikubwa. Kimoja ni kile kipya kilichofunguliwa 2018, kiko upande wa Ulaya, na kwenye tiketi kinaandikwa IST. Kingine ni Sabiha Gökçen, upande wa Asia, kinaandikwa SAW, na ndege nyingi za bei nafuu za ndani huruka kutoka huko. Kutoka kimoja hadi kingine ni karibu kilomita 80 za barabara, unavuka mlango wa bahari wa Bosphorus, na foleni ya Istanbul si ndogo kuliko ya Dar. Haya yote nimeyajua baada ya kuumia.

Tulitua IST saa 4:30 asubuhi. Saa zao ni sawa na zetu, kwani tangu 2016 hawarudishi tena saa nyuma wakati wa baridi, kwa hiyo hapo hatukuchanganyikiwa. Foleni ya pasipoti, kusubiri mabegi, tukatoka saa sita kasoro. Karatasi aliyotupa wakala ilisema ndege ya Kayseri, mji wenye uwanja wa kutufikisha Göreme tulikokuwa tunaenda kulala, inaondoka 13:40, yaani saa 7:40 mchana. Tukaenda upande wa safari za ndani tukiwa na furaha, tukijua tumewahi. Binti wa kaunta akaisoma karatasi, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaweka kidole kwenye herufi tatu: SAW. Hata tungepata teksi dakika ileile tusingefika. Na chini ya karatasi, kwa maandishi madogo ya Kituruki ambayo yeye ndiye aliyetutafsiria, iliandikwa kwamba tiketi ni ya begi la mkononi tu, kilo 8, na hairudishiwi hela. Kila mmoja wetu alikuwa na begi la kilo 23.

Tulimpigia. Alipokea, akaongea kwa upole kabisa: "Poleni mama zangu, shirika limebadilisha uwanja usiku kwa sababu ya theluji. Nunueni nyingine, mkirudi nawarejeshea." Shirika halikubadilisha chochote. Tarehe ya kununua tiketi ilikuwa palepale kwenye karatasi, wiki tatu nyuma, na SAW ilikuwepo tangu siku hiyo. Alitafuta tiketi ya bei ya chini kuliko zote, akatuuzia kama ya kuunganisha. Tukanunua nyingine pale IST kwa lira 2,700 kila mtu. Kwa sisi sita hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja na laki moja, na ndiyo ilikuwa hela yetu ya dharura na ya zawadi za watoto.

Ya kurudi ilikuwa mbaya zaidi, maana ile haikuwa tiketi kabisa. Tuliligundua hilo tukiwa Göreme, usiku wa kuamkia safari, dada wa mapokezi wa hoteli alipotaka kutusaidia kucheki. Akaingiza zile herufi na tarakimu sita za namba ya buking pamoja na jina la ukoo. Hakuna kitu. Akajaribu jina la mwenzangu. Hakuna. Ndipo akatueleza kwamba wakala anaweza kushikilia nafasi kwenye mfumo bila kulipa hata senti. Mfumo unatoa namba ya buking, unatoa karatasi yenye jina lako, tarehe, namba ya ndege, kila kitu. Muda wa kulipia ukipita nafasi inafutika yenyewe, lakini karatasi inabaki mkononi mwako ikionekana nzuri vilevile.

Hela ya kununua ndege nyingine hatukuwa nayo. Tukapanda basi la usiku hadi Istanbul, saa kumi na mbili barabarani, theluji pande zote mbili. Niwe mkweli, mabasi yao ni mazuri, kondakta anapita na chai, na abiria mmoja alimvua mwanawe shali akamfunika mama yetu magoti. Lakini mama wa miaka 67 kukaa kwenye kiti usiku kucha, kisha kuunganisha na ndege ya kimataifa siku hiyohiyo! Alishuka Dar miguu imevimba, viatu havimwingii.

Chakula nacho. Kwenye makubaliano iliandikwa milo mitatu kwa siku. Kifungua kinywa cha hoteli kilikuwa kizuri, siwezi kudhulumu: mizeituni, jibini, mayai, asali, mkate wa moto, chai isiyokwisha. Lakini hicho kinakuja na chumba kwa mgeni yeyote. Kwa mchana na jioni alitupa vocha zenye muhuri wake. Mwenye mgahawa wa kwanza alizigeuza geuza, akatikisa kichwa. Wa pili vivyo hivyo. Ndipo akatokea kijana ambaye wakala alisema ndiye mwenyeji wetu, akatupeleka kwenye mgahawa mwingine, akatukaribisha kwa mbwembwe, akaondoka.

Orodha ya vyakula tuliyopewa pale haikuwa na bei. Kabla hatujaagiza, meza ilijaa: mikate, chupa za maji, visahani vya saladi na mtindi. Tulidhani ni ukarimu, kama kwetu mtu anavyokukaribisha maji ya kunywa. Kisha ikaja nyama iliyopikwa ndani ya chungu cha udongo, wanakivunja mbele yako, chakula maarufu cha eneo lile na kitamu kweli. Bili ikaja lira 11,400. Kwa siku ile ni karibu laki nane za kwetu. Kila kisahani kilikuwa kimeandikwa peke yake, na vocha wakazisukuma pembeni. Kesho yake, mitaa miwili tu kutoka pale, tulikunywa supu ya dengu nyekundu na mkate kwa lira 130, bei imebandikwa mlangoni. Kwa hiyo mkiwa kule, mgahawa usioonyesha bei msikae, na kitu ambacho hamkukiagiza kirudisheni kabla hamjakigusa. Na huyo mwenyeji, nina uhakika moyoni mwangu kwamba alikuwa na fungu lake kwenye ile bili.

Puto ndilo lililonifungua macho kabisa. Siku mbili mfululizo tulisubiri gari tangu saa 11 alfajiri, na Januari kule mpaka saa 2 asubuhi ndipo jua linachomoza, kwa hiyo ni giza na baridi ya kukata masikio. Gari halikuja. Wakala akasema upepo. Ni kweli, siku zote mbili upepo ulikuwepo. Mamlaka yao ya usafiri wa anga ndiyo huruhusu maputo kila asubuhi, na wakati wa baridi husimamishwa mara nyingi. Lakini dada wa mapokezi akatuambia kampuni halali hukurudishia hela yako yote puto lisiporuka. Akawapigia wale walioandikwa kwenye karatasi yetu. Majina yetu hayakuwahi kuwepo kwao. Yaani hata anga lingekuwa shwari, sisi tungesimama pale barabarani tukiyatazama ya wenzetu yakipaa.

Na zile nguo alizotuuzia kwa shilingi 380,000, "seti ya baridi". Alituambia Göreme iko juu kama Dodoma tu, hivyo baridi ni ile yetu ya Juni ikizidi kidogo. Kimo ni kweli, zote mbili ziko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa pili ilikuwa nyuzi 11 chini ya sifuri. Jaketi lilikuwa kama la mvua, na buti zina soli laini ya plastiki. Mwenzetu mmoja aliteleza kwenye ngazi zenye barafu akaumia mkono. Nendeni mitumba ya Sabasaba au Majengo. Makoti mazito yanayokuja kwenye marobota hapa hayana wateja, mnayapata kwa bei ndogo, na buti mzikague soli kwa kidole.

Kwa mliokwishamlipa, au mnaolipa kwa wakala mwingine yeyote, msiridhike na karatasi. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika la ndege, weka namba ya buking na jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti. Tafuta namba ya tiketi yenyewe, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 13 na tatu za mwanzo ni za shirika. Ukiona namba ya buking tu bila hiyo, huenda bado hujalipiwa. Rudia kucheki wiki moja kabla, kisha siku moja kabla, kwa sababu tiketi inayoruhusu marejesho wakala anaweza kukuonyesha leo na kuifuta kesho hela irudi kwake. Tazama herufi tatu za uwanja unaotua na za uwanja unaorukia. Tazama kilo. Hoteli ipigie mwenyewe uulize ni milo mingapi imelipiwa. Jina la kampuni litafute BRELA, wanakosajili makampuni, na hela ilipwe kwa jina hilohilo, risiti ya EFD siku hiyohiyo. Ukiambiwa "mkirudi", ondoka.

Sisi tulipomfuata ofisini alikuwa ameshahama. Kwa simu alitujibu mara mbili, mara ya pili akasema tumshukuru Mungu tumeona theluji, kisha akazuia namba zetu. RB, yaani namba ya ripoti ya polisi, tunayo. Namba zake tumezituma 15040 kama TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanavyoelekeza. Kuna familia nyingine mbili zimejitokeza, moja ya Kisasa na moja ya Manyoni, zenye karatasi za aina ileile, nazo zimeandikisha maelezo. Kama nawe ulisafiri naye, nenda kituoni na karatasi zako pamoja na meseji za malipo, usizifute hata moja.

Alama moja ya kumtambua ni hii. Kwenye tangazo lake la Desemba kuna picha ya bibi mwenye skafu ya kijani, ameshika theluji kwa viganja viwili, anacheka machozi yakimtoka. Huyo ndiye mama yetu. Picha ile niliipiga mimi na nikamtumia wakala siku ya pili, kumshukuru. Hakuomba ruhusa ya kuitumia. Mkiiona picha hiyo mahali popote, kwa jina lolote la kampuni, ndiye yeye.